Swali la Nne la Bwana Tebbutt

Horace Tebbutt hakuwa mwanasheria, na aliyemdhania hivyo alisahihishwa papo hapo. Alikuwa karani. Lakini katika ile ofisi ya sheria ya serikali ya shirikisho, pale Melbourne, mwaka wa pili wa vita na Wajerumani, wanasheria wenyewe walijua kwamba bila Tebbutt mambo yanalala. Kazi yake ilikuwa kutunga maswali. Wizara ikitaka kujua kama katiba inairuhusu serikali kupanga bei ya mkate, au kuchukua farasi wa watu, au kufunga gazeti la mtu, ilileta barua ndefu isiyo kichwa wala miguu. Tebbutt aliikamua hadi yakabaki maswali matatu tu, yenye namba, akayapeleka mezani kwa Bwana Dunstone, mwanasheria. Na Bwana Dunstone alikuwa na desturi moja asiyoivunja: hujibu alichoulizwa. Asichoulizwa hakimhusu.

Makarani wengine waliuliza nusu, na baada ya wiki wizara ikarudi na nusu iliyobaki. Jalada la Tebbutt halikurudi. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake. Aliona tundu kabla panya hajaliona.

"Tebbutt," Bwana Dunstone alimwambia siku moja mbele ya wenzake, "wewe unauliza hadi mambo ambayo Mungu mwenyewe hajayawaza bado."

Wiki nzima alitembea kama bwana harusi. Haya, nani kati yetu hapendi kusifiwa?

Nyumbani alikuwa na Ottilie, mkewe, mzaliwa wa Lindenau, kijiji cha humu nchini cha Walutheri wa asili ya Kijerumani, kule kwenye mashamba ya ngano. Ottilie naye alikuwa mtu wa maswali, ila ya kwake hayakuwa na namba. Mume hajavua kofia, yameshaanza: "Umekula? Dunstone kasemaje leo? Mbona viatu vina tope, umepitia wapi?" Tebbutt alijifanya amechoka nayo. Uongo mtupu. Sisi majirani tulimwona akiharakisha hatua akifika kona ya mtaa.

Na alikuwepo Ewald, kaka yake Ottilie, fundi wa matandiko ya farasi, ambaye Jumapili alipiga kinanda kanisani Lindenau. Kila Pasaka alikuja mjini na soseji za kwao na mtungi wa matango ya siki, na utani wa shemeji ukaanza mlangoni.

"Dada, huyu mumeo hawezi kusema nisogezee chumvi," Ewald alisema Pasaka ya mwaka ule. "Atauliza. Kwanza, je, kuna chumvi? Pili, ni ya nani? Tatu, je, sheria inairuhusu kusogea?"

"Na nne," Tebbutt akadakia, "kwa nini fundi wa matandiko ananukia farasi mezani kwangu?"

Ewald alicheka hadi akamwaga bia kwenye kitambaa cha meza. Ottilie akampiga kwa taulo. Nayakumbuka haya kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na sisi wa nyumba ya pili tulicheka pia.

Mwezi uliofuata jalada likaja. Wizara iliuliza mambo matatu. Je, wakati wa vita serikali ya shirikisho inaweza kumweka kizuizini, bila mashtaka, raia wa nchi ya adui? Je, inaweza kumweka yule aliyetoka huko lakini akachukua uraia wa hapa? Na je, mahakama zina uwezo wa kumtoa? Tebbutt aliyaandika vizuri, akapiga mstari chini. Kisha akaliona tundu. Akachovya kalamu, akaandika: *Nne. Je, mamlaka hayo yanawafikia pia wale waliozaliwa humu humu nchini, ikiwa baba au babu alitoka kwa adui?*

Utaniuliza, hakumfikiria Ewald? Hakumfikiria. Naapa kwa chochote, hakumfikiria! Kwake Ewald hakuwa Mjerumani. Alikuwa shemeji.

Yale matatu Bwana Dunstone aliyajibu kwa kurasa sita. La nne alilijibu kwa mstari mmoja: ndiyo, maadamu vita vinaendelea. "Umetuokolea safari ya pili," akasema. Jioni ile Tebbutt alimnunulia mkewe mapeasi, na mkewe akauliza, "Haya, kuna sherehe gani?"

Ewald alikamatwa mwezi wa nane. Kosa lake lilikuwa nini? Aliambiwa aache kupiga nyimbo za Kijerumani kanisani, naye akasema bibi vizee hawajui nyingine. Ottilie alipata habari kwa simu ya maandishi, akamngoja mumewe barabarani bila kofia, bila koti.

"Amezaliwa Lindenau!" alilia. "Baba yetu kazaliwa Lindenau! Ni babu tu aliyetoka Ujerumani. Horace, wewe uko ofisini kwao. Wanaweza kweli kufanya hivi?"

Alilijua jibu. Alikuwa ameliuliza mwenyewe.

"Nitaandika barua," akasema.

Aliandika barua ya kumwombea shemeji yake. Hakuwahi kuandika nzuri kuliko ile. Ottilie akatia sahihi, akaipeleka posta kwa mkono wake. Wizara ikaipokea, na kwa kuwa ilikuwa na jambo la sheria ndani yake, ikaituma kwenye ofisi ya sheria, na kwenye ofisi ya sheria barua zote kama zile ziliwekwa kwenye meza moja. Asubuhi ya Jumanne Tebbutt aliikuta mezani pake, mwandiko wake mwenyewe ukimtazama.

Akaipeleka kwa Bwana Dunstone.

"Hili tulishalijibu," Bwana Dunstone akasema. "Swali lako la nne." Kisha akamtazama usoni. "Huyu Ewald Schirmer ni nani kwako?"

"Kaka wa mke wangu, bwana. Je, lile jibu haliwezi kuondolewa?"

Bwana Dunstone akavua miwani, akaifuta polepole.

"Wizara imeshalitumia kwa watu mia mbili. Usingeuliza, Tebbutt, nisingejibu. Pole sana."

Barua ya kukataa ilihitaji kuandikwa, na aliyeandika barua za kukataa alikuwa Tebbutt. Akaiandika. Nakala moja wizarani, nyingine kwa mfungwa; Ottilie alimwambia kwa mdomo tu kwamba wamekataa.

Ewald alikaa kambini, kule New South Wales, karibu miaka minne. Barua zake zilifika zimefunguliwa. Katika moja alimwandikia Tebbutt: "Shemeji, nimechonga kinanda kwa mbao za masanduku. Hakitoi sauti, kwa hiyo hakuna wa kunikataza. Kwanza, je, hapo nimevunja sheria?" Ottilie aliisoma kwa sauti, akicheka na kulia pamoja. Tebbutt akatoka kwenda kukata kuni, na kuni zilikuwepo tele.

Vita vikaisha, wafungwa bado hawakuachiwa. Baridi ya mwaka 1919, ile homa ya mafua ikapita kambini, na Ewald akafa akiwa na miaka arobaini na mmoja. Sanduku la vitu vyake likaletwa kwa treni. Ottilie alilifungua juu ya meza ya jikoni: mashati, sindano kubwa ya ngozi, kitabu cha nyimbo. Ndani ya kitabu, karatasi iliyokunjwa hadi mikunjo ikachanika. Barua ya kukataa.

Aliisoma amesimama. *Kwa mujibu wa jibu la swali la nne lililoulizwa na ofisi hii.* Alikuwa ameishi na mtu wa kuhesabu kwanza, pili, tatu kwa miaka kumi na mmoja; aliutambua mtindo.

"Swali hili kaliuliza nani?"

"Mimi," Tebbutt akasema.

"Walikutuma?"

"Hapana."

"Sasa nani alikuuliza, Horace?"

"Hakuna," akasema. "Hakuna aliyeniuliza, Ottilie."

Ottilie akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile, akairudisha kitabuni.

Hakuondoka. Watu walidhani ataondoka, hata mimi nilidhani. Alipika, alifua, alikaa naye kanisani benchi moja. Ila tangu siku ile hakumuuliza mumewe swali tena. Alisema, "Chai iko mezani." Alisema, "Mvua inanyesha." Tebbutt alianza kupitia kwenye tope makusudi, akaingia na viatu vile mpaka jikoni, akasimama. Ottilie alichukua tambara, akapangusa sakafu. Ikapita miaka ishirini na sita hivyo.

Mimi ndiye niliyemwitia daktari mwishoni. Tebbutt alikuwa amelala, amebaki mifupa, na daktari yule kijana akawa anapapasa tumbo bila kuelewa.

"Mama, mimi hanijibu," daktari akasema. "Hebu muulize wewe, anaumwa wapi?"

Tebbutt akageuza kichwa juu ya mto, akamtazama mkewe. Sijapata kuona mtu akisubiri namna ile.

Ottilie alikuwa ameshika beseni. Midomo yake ilifunguka, nikaiona kwa macho yangu. Kisha akaliweka beseni chini.

"Muulize wewe, daktari," akasema, akatoka kwenda kuchemsha maji.