Kaseti ya Papa Kambale

Mimi niliyeanza kwa kusukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, mtaani Birere, leo nina etaje, nyumba ya gorofa, kule Keshero, niliamini hakuna kitu kingenishangaza tena. Juzi niliunganisha ordinatere, kompyuta yangu, na mabafle makubwa ya saluni, spika za sebuleni, nikafungulia miziki yangu ya rock. Mwimbaji akapiga kelele, na mimi nikarudi mtaa wetu wa zamani, Mapendo, mutoto mudogo tena.

Mchana mumoja kulinuka moshi wa makala na maharagwe. Kelele ileile ilitoka kwa jirani yetu, Papa Kambale. Sikujua bado kama mutu anaweza kulia vile kwa furaha.

“Mama! Papa Kambale anaua mutu!”

Mama alikuja na wamama wa maombi, wakapiga magoti mulangoni, wakikemea shetani. Papa Kambale akatoka na kaseti.

“Ni muziki tu, wamama!”

Mama akamunyang’anya. “Hii nitaichoma mwenyewe.”

Juzi sasa, Mama alitoka chumbani na rozari mukononi. Nikakimbilia kuzima muziki.

“Acha!”

Akafumba macho, akapiga ile kelele pamoja na mwimbaji, palepale inapoanza.

“Mama! Si uliichoma?”

“Mulikuwa munaenda masomo, mimi nabaki naisikiliza.”

Kesho yake alidai nimununulie mabafle ya chumba chake: dola mia tatu arobaini na tano.