Kitabu cha Manowari Nilichokisoma Mara Mbili

Nakiri mwenyewe, kabla wengine hawajasimulia habari zangu hapa mjini Elisabethville. Katika duka la vitabu ninakofunga vifurushi, patron, mwenye duka, alinijaribu wiki iliyopita katika kuuza. Kama ningefaulu siku hiyo, ningeachana na kamba na karatasi za kufungia.

Mteja wa kwanza alikuwa kapiteni Mbelgiji wa meli za ziwa Tanganyika. Alitaka kitabu cha vita vya baharini kwa mabaharia anaowafundisha. Mimi bahari sijaiona hata siku moja. Nikamchagulia kilichokuwa kinene kuliko vyote.

“Hii iko muzuri?” akauliza.

“Muzuri sana, Bwana Kapiteni. Nilisomaka mara mbili.”

“Sura gani inafaa bantu ba meli?”

“Ya saba,” nikasema, kwa vile saba ndiyo iliyonijia. “Pale manowari zinawaka moto, nilikosa usingizi.”

Akaitafuta sura ya saba. Haikufunguka. Vitabu vya Ulaya hutufikia kurasa zikiwa zimeshikana ukingoni, na msomaji huzikata mwenyewe. Hiki hakikuwa kimekatwa hata ukurasa mmoja.

“Mara mbili,” akasema polepole. “Ulipitia wapi?”

Akamtazama patron mezani kwake, kisha akasogea kunikinga, akanipa kisu chake cha mfukoni.

“Kata kurasa mbio, mbele patron hajaona.”

Nilikuwa nimefika sura ya pili niliposikia sauti ya patron nyuma yetu:

“Munakata nini pale?”