Majibu ya Moyo Wangu

Jamani, mteja amewahi kukurupuka kwenye kiti chako cha saluni, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama?

Wangu alikurupuka alipoliona tumbo langu.

"Dada, una mimba?"

"Ya miezi mitano. Kwani vipi?"

Hapo nikamkumbuka. Nesi wa ule utafiti wa moyo! Mwaka jana walituita wanawake wa mtaa mzima, wakatupaka mafuta ya baridi kifuani, wakatupima. Wakasema mwenye tatizo atapigiwa. Simu yangu ilikuwa imekufa, nikawaachia namba ya mume wangu.

Kimya. Nikajua niko fiti.

Nesi akanivuta kule nyuma tunakooshea nywele.

"Si tulikwambia usibebe mimba? Valvu ya moyo wako ni mbovu. Unaweza kufia leba!"

"Mlimwambia nani?"

"Mumeo. Alikuja mwenyewe kuchukua majibu. Akasema atakueleza taratibu, usije ukashtuka."

"Yaani moyo wangu, majibu mnampa mtu mwingine?"

Akaangalia chini. "Tuliona ni mumeo tu..."

Ovyo kabisa!

Nilifunga saluni. Nyumbani nikamkuta bwana mkubwa kwenye kochi, miguu juu ya meza, anaangalia mpira.

"Ulijua moyo wangu ni mbovu?"

Hakushtuka hata. Akapunguza sauti ya tivii.

"Ningekwambia, ungekubali kuzaa?"

Nyie! Mtu anayelipapasa tumbo langu kila jioni, analiimbia!

"Na ningekufa?"

"Mama alisema wengi wanazaa hivyohivyo."

Kumbe na mama mkwe anajua! Yule aliyekuwa ananiletea matunda, mwanangu hivi, mwanangu vile.

Nilitapika palepale kwenye zulia. Sikufuta.

Siku hiyohiyo nikahamia kwa dada yangu. Hospitali wakanilaza, wakanitunza kama yai, nikajifungua kwa upasuaji. Nilichungulia kaburi, lakini nikarudi.

Mume wangu alikuja wodini na mama yake. Wakamuuliza nesi wa zamu mtoto ana kilo ngapi.

Habari zangu hawakuuliza.

Sijarudi kwake, na sirudi.

Wanawake wenzangu, ukipimwa, fuata majibu kwa miguu yako. Usikae kimya ukadhani kimya maana yake uko salama.

Na nyinyi mnaopima watu, majibu mpeni mwenye mwili. Mume ataambiwa baadaye, mwenyewe nikipenda.