Ufa wa Nyuma ya Migomba

Katika miaka ya tisini nilikuwa na shahada ya lugha, koti moja la kijivu, na imani kwamba mtu yeyote akielezwa jambo sawasawa ataelewa. Koti lilidumu kuliko imani. Nilikuwa mwalimu wa sekondari mjini Voi, na wakati wa likizo mtaalamu mmoja wa miamba na udongo, mtu mpole wa chuo kikuu, alinikodi nimsaidie kuzungumza na watu. Mlima aliujua. Kuzungumza hakujua.

Alikuwa amegundua ufa kwenye mteremko mmoja wa Mbololo, juu kidogo ya nyumba ya mama mjane. Ulianzia nyuma ya migomba yake, ukapinda kama mwezi mchanga hadi kwa jirani. Mkono wangu uliingia mpaka kwenye kiwiko. Mtaalamu alisema mvua kubwa ikija, kipande chote kile kingeweza kuteremka pamoja na nyumba. Alitaka serikali impe yule mama kiwanja huku chini kabla ya vuli.

Mara mbili alikwenda kumweleza ofisa aliyehusika. Mara ya pili nilikuwepo. Alianza na umri wa miamba, na alipofika kwenye uwezekano na viwango vya unyevu, ofisa alimkatiza.

"Daktari, mlima unaanguka au hauanguki?"

"Inategemea, mheshimiwa."

"Basi ikiacha kutegemea, urudi."

Tulipotoka nilimpa ushauri wa msomi: aachane na maneno, ampeleke ofisa akauone ufa kwa macho yake, ikiwezekana autie mkono. Niliuona ushauri huo kuwa mzuri sana, nikajisifu njia nzima hadi mjini.

Ofisa alikubali. Ujumbe ulipita kwa chifu, chifu akamtuma mtu, na ulipomfikia yule mama ulikuwa umebaki maneno machache: wakubwa wanakuja kuona shamba lako.

Tulipofika, uwanja ulikuwa umefagiwa mpaka michirizi ya ufagio inaonekana. Viti vilikuwa vimeazimwa kanisani, na kuku alikuwa tayari sufuriani. Tulipanda hadi nyuma ya migomba, mtaalamu mbele, mwenye furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo tena. Hapakuwa na ufa. Palikuwa na udongo mpya, uliosawazishwa vizuri, na mistari miwili ya sukuma wiki iliyotoka kumwagiliwa maji.

"Hapa palikuwa na aibu kidogo," mama akamwambia ofisa. "Nimepatengeneza. Unisamehe, baba, kama bado hapajapendeza."

Ofisa alimsifu kwa bidii yake. Mtaalamu akajaribu kueleza kwamba udongo wa juu haubadilishi lolote lililo chini, akajikuta tena kwenye umri wa miamba.

"Kumbe dawa yake ni jembe," ofisa akasema, nasi tukacheka kidogo, maana ndiye aliyekuwa mkubwa. Mtaalamu alipoomba azungumze na mama kando, ofisa alimwambia asimtie mzee wa watu hofu, taarifa iandikwe kwanza. Tukashuka kula. Mama aliniongezea kipande cha pili cha kuku, akisema walimu hawashibi. Nilikula.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zile za El Niño, na aliyekuwepo hahitaji kusimuliwa. Kipande kile cha mlima kilishuka asubuhi, mama akiwa jikoni anawasha moto. Taarifa ilikuwa bado inachapwa.

Mazishini, mwanawe, mwenye duka la vipuri Voi, alitufuata tulipokuwa tumesimama nyuma ya watu. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Alimuuliza mtaalamu kama alijua.

"Nilijua."

"Ukamwambia nani?"

"Ofisa. Chuo. Nairobi pia niliandika."

"Na mama?"

Mtaalamu alinitazama mimi, niliyekodiwa kwa ajili ya maneno.

"Mama hatukumwambia," akasema. "Tulikuwa tunamtafutia kiwanja."

Kijana alitazama watu wakipokezana majembe.

"Mama ana dada yake kule Mahoo," akasema. "Angeambiwa, angehamia huko siku hiyo hiyo."