Amirali na Ndoo ya Kalundu

Mdomo huponza kichwa, nami kichwa changu kiliponzwa Makobola. Ninyi mnaokaa kwenye kiti changu cha kunyolea hapa Kamanyola mmeniuliza hata nimechoka: ilikuwaje nikaenda kuposa na mchele, nikarudi bila mchele na bila mke? Nawaandikia habari yote mara moja, ili nipate kunyoa kwa utulivu.

Mnamjua Riziki, yule anayeleta ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni kwetu. Baba yake, Mzee Mlondani, ni mkubwa wa wavuvi wa Makobola, kusini mwa Uvira, na Riziki mwenyewe huzunguka na mtumbwi wa moteri kijiji hadi kijiji akinunua samaki. Nilipojitambulisha kwa mzee, alinitazama mikono kisha miguu. "Weye muntu ya mashamba," akasema. "Mutoto wangu maisha yake iko mu maji. Utamufanyia nini?" Nikaona aibu, ulimi ukateleza. Nikamwambia kwamba mjomba wangu, ndugu ya mama, atakayekuja kuniposea, ni amirali.

Haukuwa uongo. Lakini mzee alitabasamu vibaya. "Vizuri. Basi amirali atakuja kwa maji. Jumamosi, mbele ya saa sita. Akikuja kwa barabara, murudi na muchele yenu."

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka Kamanyola nyuma ya pikipiki, gunia la mchele likiwa mbele ya dereva na kuku wawili wakining'inia mkononi mwangu. Baba na shangazi walikuwa waje kesho yake kwa gari. Mama aliniaga mlangoni: "Ukiyavulia maji nguo, huna budi kuyaoga." Nilidhani ananitakia heri.

Tambarare ya Ruzizi mnaijua, siwachoshi: mpunga, ng'ombe barabarani, vumbi, tena mpunga. Pale Kavimvira, karibu na mpaka, mbadilisha pesa mmoja aliwakagua kuku wangu na kuniuliza kama ni wa Burundi ama wa Kongo. Nikamjibu kwamba ni wa mkwe wangu. Akasema hao ndio wakali kuliko wote.

Saa tano nilifika Mulongwe kwa mjomba Zakaria. Ni mtu mrefu, amestaafu, na shati lake jeupe la kazi bado linapigwa pasi kila asubuhi. Kitanda chake kimepandishwa juu ya matofali, kwa kuwa mto Mulongwe ukifura humtembelea mpaka chumbani. Mkewe alitenga fufu ya muhogo na sombe ya majani yake. Nilinyoosha mkono, mjomba akanizuia, akatoa kadi kuukuu mfukoni, akaanza kusoma kwa sauti.

"Fufu?"

"Iko," mkewe akajibu bila kugeuka.

"Sombe?"

"Iko."

"Maji ya kunawa?"

"Haiko."

Hakuna aliyegusa chakula mpaka maji yalipoletwa. Mke wa mjomba ameishi hivyo miaka thelathini, na Mungu anajua.

Tulipokuwa tukila alinisimulia maisha yake. Alikuwa rubani wa jeshi la maji. Alirusha kindege cha kutua juu ya maji, huko chini ambako mto mkubwa unaingia baharini, na kazi yake ilikuwa kutafuta wavuvi waliopotea. Siku moja mkubwa wake alitaka kurushwa haraka. Mjomba akasoma kadi ya ukaguzi, ile ambayo rubani huisoma kabla ya kuruka, akaona komeo la mlango halipo, akakataa kuondoka. Yule mkubwa alifoka mpaka kofia ikamdondoka, kisha akaupiga mlango teke, na mlango nao ukaanguka. Kesho yake mjomba akapandishwa cheo.

"Na vyeo vingine, mjomba?"

"Ni vilevile. Kila mara nilikatala kitu, banaona kumbe nilikuwa na haki, banapandisha. Mpaka amirali."

"Na meli?"

"Meli niliziona toka juu. Toka juu ziko nzuri sana." Akamega tonge. "Mu mutumbwi, minye sijaingia hata siku moja. Nasikia tumbo inasumbua."

Hamu ya fufu ikaniisha palepale. Kesho yake ndoa yangu ingetegemea tumbo la mzee huyu.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, tulikuwa Kalundu bandarini. Kashindi, mwenye mtumbwi, alikuwa ameshapakia mchele na kuwasha moteri. Mjomba alisimama juu ya jiwe, kofia kichwani, nyota mabegani, akatoa kadi.

"Mafuta?"

"Iko, papa."

"Makasia?"

"Iko."

"Ndoo ya kutoa maji?"

Kashindi akacheka. "Ndoo ya nini, papa? Mutumbwi yangu haivuji."

"Ndoo?"

"Haiko."

Mjomba akaketi juu ya jiwe. Nilimwomba, nikambembeleza, nikamkumbusha saa. Alikuwa anatazama ziwa kama mtu anayesubiri mvua ipite. Basi nikakimbia kwa wauza samaki, nikamkuta mama mmoja mwenye ndoo ya njano iliyojaa samaki wa mikeke. Ndoo haiuzwi, akasema, ndiyo duka lake. Nikamwonyesha kuku mmoja. Akamshika, akampima uzito, akataka na wa pili. Nilirudi na ndoo tupu, bila kuku hata mmoja, na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu wa ukoo wangu. Ilikuwa saa nne na nusu.

Hatukuwa tumepita hata mlima wa kwanza wa pwani, ndoo ikapata kazi. Amirali aliikumbatia kwa mikono miwili, na kila alipoinua uso ulikuwa wa kijani zaidi. "Sasa nimeelewa ndoo," akasema Kashindi. Nikacheka kwa uchungu. Kisha upepo wa kusini ukaamka, wimbi likaingia ubavuni, na maji yakatufika vifundoni. Kucheka kukaisha. Mjomba aliisuuza ndoo ziwani, akanitupia, akaanza kuhesabu: moja, mbili, moja, mbili. Nilitoa maji kwa hesabu yake mpaka mabega yakawaka moto. Naapa niliogopa. Mimi sijui kuogelea, na huko Kamanyola nani angenifundisha, mpunga?

Makobola, saa sita kasoro. Wavuvi walikuwa wamejipanga pwani, Mzee Mlondani mbele, baba na shangazi yangu pembeni. Mjomba alishuka na ndoo mkononi, akapiga saluti, kisha akaketi mchangani kwa kishindo.

"Amirali gani huyu anatapika?" akauliza mzee, na pwani nzima ikaangua kicheko.

"Amirali ya juu," mjomba akajibu. "Nilikuwa rubani. Chini hapa, minye ni mugeni."

Nilitamani mchanga unimeze. Lakini Kashindi, anayependa habari kuliko samaki, akaanza kusimulia jinsi mzee huyu alivyokataa kuondoka bila ndoo, na jinsi ndoo ilivyotutoa majini. Mzee Mlondani akaacha kucheka.

"Mudogo wangu aliondoka hapa hapa," akasema polepole. "Bote banamwambia iko, iko. Moteri haikuwa na mafuta ya kurudi, na yeye hakurudi." Akamshika mjomba mkono, akamkalisha kwenye kiti kando yake.

Baada ya hapo maneno yaliteleza kama yametiwa mafuta. Mchele ulipokelewa. Riziki aliketi na mama zake akinitazama, na mimi nilishaanza kufikiria shati la harusi. Mzee akafungua kinywa kusema ndiyo. Ndipo mjomba akatoa kadi.

"Bwana harusi. Kazi?"

"Iko," nikasema.

"Nyumba?"

"Iko."

"Mapendo?"

"Iko!" Niliisema kwa sauti iliyowachekesha akina mama.

"Kuogelea?"

Ningeweza kudanganya, na ulimi ulikuwa tayari. Nikamtazama Riziki, nikakumbuka maji miguuni.

"Haiko."

Mjomba akakunja kadi. "Basi hatuondoki."

Shangazi alishika kichwa. "Shemeji, weye uko upande ya nani?"

"Ya abiria."

Mzee Mlondani alicheka mpaka machozi. "Amirali amesema. Muchele ibaki. Kijana ajifunze kwanza."

Jumapili tulirudi kwa barabara. Mjomba alimkagua dereva breki, taa na macho, na mimi sikumsemesha mpaka Uvira. Nilimchukia kabisa. Sasa sina chuki tena. Nimejifunza kwamba waliotaka kunifurahisha wote wangeniambia iko, na kwamba aliyenipenda alinizuia pwani.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi kiti changu kiko bila kinyozi. Niko Makobola, majini, Riziki ameninyanyua kidevu akiniamuru nipige miguu. Mjomba huketi pwani, ndoo ya njano kando yake.

Jumamosi iliyopita niliogelea peke yangu kutoka mchangani hadi kwenye mtumbwi wa Riziki. Nilikunywa nusu ya Tanganyika njiani. Nilipoushika ubao, mjomba alisimama pwani na kadi yake.

"Kuogelea?"

Nilikuwa bado natema maji. Riziki akanivuta ndani kwa kola, akageuka upande wa pwani, akajibu yeye:

"Iko."