Moshi wa Nyumba za Mgodi

Wiki iliyopita nilikwenda ofisi ya mtaa, mtoto mgongoni, kurudisha ufunguo. Tulikuwa tumepewa nyumba bure kwenye kambi ya mgodi uliofungwa, nje kidogo ya Shinyanga, eti mji ufufuke.

"Naogopa," nikamwambia mtendaji. "Mume wangu yuko Geita machimboni, na pale sina jirani."

"Huna jirani? Moshi wa jioni huuoni?"

"Nauona kila siku, watu ndio siwaoni! Nimepiga hodi nyumba nne, moto unawaka jikoni, hakuna anayeitika."

Bibi aliyekaa kwenye benchi akacheka ndani ya khanga. "Ni mimi huyo, mayu, mama yangu. Nyumba isiyowashwa moto inaliwa na mchwa. Nawasha hapa, nafunga mlango, nakwenda ile nyingine."

Mtendaji akainamia karatasi zake. "Na wageni wakiona moshi wanapata moyo wa kuhamia."

"Kwa hiyo pale tunaishi wangapi?"

Bibi akainua vidole viwili. Akamtazama mwanangu, akainua cha tatu, akakikunja nusu.

Ufunguo nilirudi nao, maana pengine pa kulala hatuna. Sasa namsaidia bibi, magoti yake yamechoka. Wakubwa wanasema mji hufufuliwa kwa rangi na taa; sisi tunatumia kuni.

Jana mama mmoja alishuka kwenye bodaboda na kichanga chake. "Dada, huku kuna watu?"

Nilitaka kumwambia ukweli, haki ya Mungu nilitaka, lakini angeondoka. Nikamwonyesha nyumba ya pili.

"Si unaona moshi?"