Vibati Vitatu Nilivyovitupa Chooni

Mimi ni mwongo. Natangulia kusema hivyo usije ukanihurumia mapema. Nina wajukuu kumi na mmoja, kanisani nakaa benchi la mbele, boma langu linajulikana kwa usafi, na bado ni mwongo. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo nivumilie nikiandika vile ninaongea.

Marehemu mzee wangu, baba wa watoto wangu, aliniachia karakana hapa Meru, karibu na soko la Gakoromone, na ndani yake lethi, ile mashini kubwa ya kukereza chuma. Vijana wangu wote waliikimbia. Aliyeipenda ni mjukuu wangu wa kike. Alisomea ufundi akarudi na ovaroli yake. Jina lake siliandiki hapa kwa sababu ni langu. Kwetu mtoto hupewa jina la nyanya yake, yaani cucu wake. Huyo ni wajina wangu.

Mashini ilikuwa imezeeka. Giaboksi ilikuwa inalia, oili inavuja. Mwanangu mkubwa akasema iuzwe chuma chakavu.

"Mama, lethi si kazi ya wasichana."

Nikapigana! Nikamwambia, "Mwache aifungue aitengeneze. Ikikataa, uza." Nikajiona nimeokoa mtu.

Mtoto akaifungua. Alimwaga oili nyeusi kama uji wa wimbi ulioungua, akaosha gia moja moja na mafuta ya taa, akapanga kila kitu mezani kama mtu anayepanga vyombo vya arusi.

"Cucu, usiguse," akaniambia. "Kila kitu hapa kina pahali pake."

Nisiguse? Mimi? Kwa karakana ya mzee wangu?

Saa saba akaenda kununua oili mpya. Na saa nane kina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kuombea kazi yake. Nikaangalia ile meza. Aibu! Gia sikugusa, nina akili. Lakini pembeni kulikuwa na gazeti limelowa mafuta, na juu yake vibati vitatu vya duara, vyembamba kama ganda la kitunguu. Nikaona takataka. Nikakunja gazeti na vibati vyake, nikatupa kwa choo cha shimo. Meza nikaipangusa mpaka ikang'aa.

Akarudi. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na mzee mmoja wa Kiirua, mwenye posho mill ya kusaga mahindi, anangoja shafti ya mashini yake ikerezwe.

"Cucu, vile vibati vilikuwa hapa viko wapi?"

"Vibati gani?"

"Vile vyembamba. Vinakaa nyuma ya beringi, shafti ya lethi isicheze."

Ningesema hapo! Neno moja tu! Lakini mwanangu alishaanza kucheka, kina mama nao wanaingia geti na vitambaa vyao vya kichwa, na mimi ndiye niliyejigamba kote.

"Hapakuwa na kitu hapo," nikasema. "Labda uliota."

Aliniangalia. Akainama kutafuta chini ya meza. Akainuka akihesabu vidole. "Si vilikuwa vitatu," akasema polepole. "Ama vilikuwa viwili?"

Mimi nikapangusa meza tena! Na nilivishika na mikono hii!

Akakata vingine kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, kwa kukisia, maana vile vya kwanza vya kupimia havikuwepo. Akafunga giaboksi. Tukaimba, tukaomba. Akawasha.

Mwanzo ilitulia, mpaka mzee wa Kiirua akasema, "Sasa huyu ndiye fundi!" Halafu ikaanza kunguruma. Harufu ya beringi inayoungua ikajaa. Kabla hajazima, ka! Gia zikavunjika meno.

Mwanangu akapiga makofi. "Fundi Kukisia!"

Na mimi, woi, hii muiandike kwa wino mwekundu, mimi nyanya yake nikaongeza: "Mikono bado ni mibichi."

Lethi ikakatwa vipande, ikabebwa. Jina la Fundi Kukisia likazunguka Gakoromone kuliko bei ya viazi. Mtoto akakunja ovaroli, akaenda Embu, huko Kianjokoma, kuchomelea watu mageti. Huko pia kuna lethi, lakini hawamruhusu aiguse. Sifa zake zilifika kabla yake.

Tangu siku hiyo sikai. Naketi, nasimama. Nabandika maharagwe, nayasahau, najikuta kwa karakana tupu nikiangalia boliti nne zilizobaki kwa sakafu. Nafagia mahali nimeshafagia. Sokoni mama wa nduma akaniuliza, "Yule Kukisia si wajina wako?" Nikamwachia nduma zake nikaenda. Jina nililoharibu ndilo litaandikwa kwa msalaba wangu!

Juzi nikafunga safari ya Kianjokoma. Nikamkuta amechuchumaa kwa geti la mtu, amevaa miwani ya kuchomelea. Sikusalimia. Nilijua nikisalimia nitapewa chai, na nikipewa chai nitarudi na uongo wangu nyumbani. Nikasema yote hapo hapo, mbele ya wanaume wa kazi.

Nikangoja anitukane. Akainua miwani.

"Vilikuwa vingapi, Cucu?"

"Vitatu."

"Vitatu?"

"Vitatu, wajina. Nilivitupa kwa choo."

Akakaa chini kwa vumbi. "Nilijua vilikuwa vitatu," akasema, akalia vile alilia siku tulimzika babu yake. "Muda huu wote nimekuwa nikijiambia hata kuhesabu sijui."

Hakurudi na mimi. Hakusema amenisamehe, na mimi nilikosa uso wa kumuuliza.

Nyinyi kina nyanya wenzangu mnaojivunia ufagio, nisikieni. Meza ya fundi msiipange! Na ukishaharibu, sema kabla nati haijakazwa. Ikishakazwa, hutavunjika wewe. Atavunjika mtoto uliyempa jina lako.

Haya yote nimeyaandika nikiwa nimesimama. Kiti kimenikataa.